Aoko Apewa Tuzo ya Chipukizi

Celestine, keti chini kwanza. Aoko wetu leo amepewa tuzo ya Chipukizi wa Mwaka. Chipukizi! Mwanamke ana miaka arobaini na mbili, amepiga gitaa la roki Kisumu hii miaka kumi na sita!

Na aliyemkabidhi? Opondo, yule mtangazaji wa redio. Yule yule aliyepelekewa "Gugumaji" mara tatu akasema ni kelele! Wimbo bora wa bendi nzima, na hakuupiga hata siku moja.

Sasa anasimama pale hotelini anasema, "Hawa vijana nimewagundua mimi." Vijana! Shakir wa ngoma ana mjukuu!

Aoko hakubishana. Alichomeka gitaa, akaanza "Gugumaji". Meza za mbele ziliendelea kutafuna samaki. Lakini mlango wa jikoni ukafunguka, wapishi wakatoka na aproni zao wakaimba naye neno kwa neno. Kumbe huusikiza kwenye simu kila siku wakipaa samaki! Walai, Aoko alitokwa machozi.

Opondo akauliza, "Wimbo mtamu hivi, mbona hamkuniletea?"

"Tulikuletea, Baba. Mara tatu." Aoko huyo, kwenye maikrofoni, Celestine! Watu wote wakisikia!

Unafikiri aliona aibu? Akasema, "Haya, rudieni," akatoa simu akaanza kujirekodi, uso wake umejaa kioo chote, Aoko nyuma kama pambo.

Aoko akashika nyuzi zikanyamaza. Akamngoja azime simu. Wapishi nao wakakunja mikono, wakamngoja.