Daktari Aliyempa Mjomba Kiti

Purity, uko? Nimetoka mazishini Nyansiongo.

Unamkumbuka Nyanchama, binamu yangu aliyesomea udaktari China? Huu mwaka wa tatu anangoja leseni. Kila akiuliza anaambiwa vyeti vya nje bado vinakaguliwa, kwa hivyo amekuwa karani wa kliniki moja huko Mosocho. Mimi nilikuwa namwita Daktari wa Risiti. Leo sicheki.

Sasa MC akamwita aeleze ugonjwa wa mjomba Alfayo, vile hufanywa kwa mazishi yetu. "Daktari wetu, karibu!"

Nyanchama akashika maiki. Akasema mjomba aliingia kliniki ameshika kifua, na daktari mwenye leseni hakuwepo. "Nilijua ni moyo. Dawa pia niliijua. Mwenye kliniki akasema nikimgusa nitafungwa. Nikaita ambulensi, nikampa kiti. Alikufa ameketi hapo."

Mjane akainua kichwa. "Ulimpa nini?"

"Kiti, shangazi."

Purity, KITI. Mbele ya jeneza.

MC akachanganyikiwa, akasema tumpigie daktari wetu makofi.

Na tukapiga. Hata mimi nikapiga.