Sare Nyeusi na Begi la Brashi

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na lile goti limeacha ukorofi. Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho kinachoumwa, na si homa.

Kozi ya upambaji nimemaliza. Nimepewa cheti chenye mhuri mkubwa kuliko jina langu, na sasa nimesimama njia panda. Duka kubwa la vipodozi, lile lenye vioo kila upande, limekubali kuniajiri. Kazi ni kusimama kaunta na sare nyeusi, kuuza fondesheni na poda, na kumpaka mteja nusu ya uso ili anunue ya kumalizia nusu iliyobaki. Mshahara upo kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Upande wa pili nina begi langu la brashi, na tayari kuna dada mmoja anayeolewa mwezi huu ameniomba nimpambe. Akiwa mteja wangu, atakuwa wa kwanza wa kwangu mwenyewe.

Msusi ninayekaa naye chumba kimoja, yule tunayemwita Mrefu, anasema mtu mwenye mkono kama wangu hauzi chupa za watu. Dakika hiyohiyo ananiuliza kodi ya chumba nitailipa kwa brashi? Nikilala nimeamua duka, nikiamka nimeamua kujitegemea, nikimaliza kupiga mswaki sijaamua kitu. Msimamizi wa duka anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Ningekupigia simu, lakini najua ungeniambia niandike. Basi nimeandika. Nishauri.

Mwanao,
Kidoti


13 Februari

Kidoti mwanangu,

Marahaba. Goti nalo linakusalimu, bado lina kiburi. Umefanya vizuri kuandika. Mimi niliuza stempu posta mpaka nikastaafu, siwezi kuisaliti barua kwa ajili ya simu inayokata maneno katikati. Isitoshe, kwenye simu huwa unasema "sawa, Shangazi" kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Chukua duka. Kaunta inamkinga mtu, kwa maana mteja akikasirika kuna meza kati yenu. Jioni unafunga dirisha, unakwenda kwako, na kesho watu wanakuja wenyewe bila kuitwa. Wewe ulikula, ukavaa na ukasoma kwa dirisha lile langu la posta. Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi ana miguu minne.

Ila subiri kidogo. Nikiwa naandika, jirani yangu fundi cherehani ameingia, nikamsomea barua yako. Anasema tangu aanze kushona hajawahi kumwomba mtu ruhusa ya kwenda kumzika mtu wake. Neno hilo limenichoma, maana mimi niliwahi kuomba nikanyimwa. Haraka haraka haina baraka, mwanangu. Usiamue mpaka nimalize kufikiri.

Shangazi yako


27 Februari

Kidoti,

Hujambo mwanangu, na Mrefu hajambo? Sijasubiri jibu lako kwa sababu nimemaliza kufikiri. Kataa duka.

Juzi nimekutana sokoni na mzee mmoja ambaye nilimuuzia stempu karibu maisha yangu yote ya kazi. Nikamsalimia kwa furaha. Akanitazama, akaniuliza kama tunafahamiana. Kumbe alikuwa akiliona dirisha tu. Nilirudi nyumbani na vitunguu vyangu nikiwa nimenyong'onyea. Wewe sitaki yakupate hayo. Nataka watu waseme, "Niitieni yule Kidoti, nautaka mkono wake."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kawaambie leo.

Shangazi yako, aliyeamua


9 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Barua yako ya kukataa duka imenikuta nimevaa sare ya duka. Usicheke kwanza, soma mpaka mwisho.

Sikukusubiri. Ile barua yako ya kwanza ilipoishia kwa fundi cherehani, nami nikaishia hapohapo, nikaenda kumwambia msimamizi kwamba nashukuru lakini najitegemea. Nilijiona mtu mzima kweli. Kisha nikaenda kumpamba yule bibi harusi.

Kosa nililofanya ni la kijinga, na ni la mtu wa kazi hii. Jioni kabla ya harusi nilikwenda kwao kumchagulia rangi. Chumbani kwake mna balbu ya njano. Nikachanganya fondesheni mbili mpaka zikapotea kabisa kwenye taya lake, nikafurahi, nikaona nimepatia. Asubuhi nikampaka chini ya balbu ileile, pazia limefungwa ili wageni wasichungulie. Alikuwa mzuri, Shangazi, nakuapia. Akatoka uani. Jua lilipompiga, uso ulikuwa wa kijivu kama majivu ya jikoni, na shingo ilibaki na rangi yake. Mama yake akaingia ndani, akatoka na taulo lenye maji, akamfuta mbele ya kila mtu. Mimi hakunisemesha. Nilitamani anitukane, angalau ningejua pa kutazama. Binti akaenda kuolewa na uso wake mtupu na macho mekundu.

Nikaufyata, nikarudi dukani. Msimamizi hakunisimanga. Amenichukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Sasa niambie, Shangazi: ulisema haraka haraka haina baraka, halafu ukasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi nimefanya haraka, na tumbo limeuma vilevile. Nishike ipi?

Mwanao,
Kidoti


20 Machi

Kidoti mwanangu,

Marahaba, na pole sana. Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, nikacheka kwenye sare, nikalia kwenye taulo. Yule mama ningekuwa karibu ningemwambia maneno mawili, ingawa ukweli ni kwamba huyo bibi harusi angekuwa mwanangu, hilo taulo ningelileta mimi.

Unaniuliza ushike ipi. Sijui. Fundi cherehani anasema kitambaa kilichokatwa vibaya hakitupwi, hugeuzwa kikawa kitu kingine. Sikuelewa amekusudia nini, na nilipomuuliza nikaona hata yeye hana hakika. Ukiniuliza leo nitakuambia tulia hapo dukani upone. Kesho usiniulize. Kula vizuri.

Shangazi yako


19 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na nisamehe kwa kimya hiki kirefu. Goti linaendeleaje? Mimi miguu inaniuma kwa kusimama, nadhani ni ya ukoo.

Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na la kulalamikia, na nilishindwa kuandika barua isiyo na malalamiko. Dukani naweza. Nimepaka nyuso za vijana, za wazee, zenye chunusi na zenye makovu, na mkono umekuwa mwepesi. Nilikuwa nikitarajia duka liwe baya ili niliache kwa raha. Limekataa kuwa baya.

Wiki iliyopita alikuja yule bibi harusi. Nilimwona kwenye kioo kabla hajaniona, nikatamani kuingia chini ya kaunta. Akaja moja kwa moja kwangu. Nilijua anakuja kunidai au kunisema. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, nataka uniambie ukweli. Uso wangu una kasoro gani hata haukubali kupambwa?"

Shangazi, muda wote huo alikuwa akiamini kosa ni la uso wake. Hajagusa hata poda tangu siku ile. Mimi nilijihurumia miezi yote hii, yeye sikumfikiria hata mara moja. Dukani kuna sheria kwamba chupa za kujaribia haziondoki kaunta. Nikachukua chupa kadhaa, nikamshika mkono, tukampita mlinzi mpaka nje penye jua. Nikampaka mistari kwenye taya, nikampa kioo, nikamwonyesha. Nikamwambia uso wake hauna kasoro, kasoro ilikuwa ya balbu na ya kwangu mimi, na kwamba duka letu zima halina rangi yake, asinunue kitu. Akalia. Nilipogeuka, msimamizi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

Nikajua nimekwisha. Akasema tu kwamba kuanzia kesho wateja wote tuwapeleke mlangoni kwenye mwanga. Siku ya pili akaniita ofisini. Anataka kuniajiri moja kwa moja, niwe mkuu wa kaunta. Ila mkataba unasema mwajiriwa hapambi mtu nje ya duka, hata bure, hata ndugu yake. Na yule dada ameniomba nimpambe mdogo wake anayeolewa Jumamosi ya kwanza ya Juni. Ameniomba mimi, baada ya yote yale.

Natakiwa kusaini siku ya mwisho ya mwezi huu. Mrefu amechoka kunisikiliza, siku hizi nikifungua mdomo anawasha redio. Wewe ndiye uliyenilea. Sema neno moja tu. Ukisema saini, nasaini. Ukisema acha, naacha. Sitakulaumu.

Mwanao,
Kidoti


28 Mei

Kidoti mwanangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako mpaka chai imepoa, nikapasha, ikapoa tena.

Saini.

Sisemi hivi kwa sababu kaunta ni bora. Hilo silijui tena, nimelipindua mara nyingi mpaka limechakaa. Nasema kwa sababu naogopa. Siku utakayosimama tena kwenye ua wa watu na taulo likaletwa, mimi nitakuwa huku mbali na goti langu, sitaweza kuja kusimama upande wako. Dukani kuna msimamizi, kuna mlinzi, kuna meza kati yako na watu. Huu si ushauri hasa, ni woga wa mzazi, lakini umesema unataka neno moja na hilo ndilo nililo nalo. Huyo dada muombe radhi. Ataelewa.

Barua hii naipeleka posta mwenyewe. Nitamhimiza binti wa dirishani aniahidi kwamba itafika kabla ya mwisho wa mwezi. Ataniahidi. Mimi pia nilikuwa nikiwaahidi watu hivyohivyo.

Shangazi yako


9 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana nataka uwe mzima utakapoyasoma haya.

Barua yako imefika leo asubuhi. Siku ile ya mwisho ya mwezi nilishuka mara kwa mara kumuuliza mwenye nyumba kama kuna barua mpaka akaniuliza kama nina mchumba. Haikuwapo. Nikaenda dukani. Msimamizi akaweka mkataba mezani na kalamu juu yake. Nikaishika kalamu. Nikajaribu kukusikia ungesema nini, na nikakusikia ukisema yote mawili, tena kwa methali.

Nikamwambia sitasaini. Usidhani nilisema kishujaa, sauti ilitoka kama ya mtu anayeomba maji. Akauliza ni kwa nini. Nikasema nataka kumpamba mdogo wa yule dada. Akashangaa, "Unaacha kazi kwa uso mmoja?" Nikamjibu kwamba sijui. Alinipa mkono. Kabla sijamaliza ngazi nilitaka kurudi kusaini, na nilisimama pale kwenye ngazi muda mrefu watu wakinipita.

Jumamosi nilimpamba yule binti nje, juu ya kigoda, juani, watu wote wakitazama. Mama yao alisimama nyuma yangu tangu mwanzo hadi mwisho, mikono kifuani. Wanja ulikwenda upande, nikafuta, nikarudia. Rangi ilikaa. Hakuna aliyenisifu, na hakuna aliyeleta taulo. Bibi harusi aliinuka akaenda zake kuolewa. Nilidhani nitafurahi mpaka nilie, lakini nilikuwa na njaa tu. Nilikula sahani mbili.

Woga wako nimeusoma leo nikalia, Shangazi. Hakuna mtu mwingine duniani anayeniogopea hivyo. Lakini nimefurahi kwamba umechelewa, kwa sababu ungewahi ningekutii, na sijui kama ningekusamehe.

Usidhani basi nimetulia. Jana, Jumatatu, niliamka, nikaoga, nikavaa nguo nyeusi, nikaenda mpaka ndani ya duka. Nilikuwa nimesimama mbele ya kaunta ndipo nikakumbuka kwamba mimi si wa pale. Kuna msichana mpya mahali pangu. Akatabasamu, akaniuliza, "Nikusaidie nini, dada?" Nikatazama zile chupa nilizokuwa nikizipanga mimi. Nikamwambia naangalia tu. Mlinzi, ambaye ananijua, akageukia ukutani acheke vizuri.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nina mteja, mama mmoja aliyekuwa kwenye ile harusi, anakaa upande mwingine wa mji na anakwenda kupiga picha ya familia. Nikatoka mbio, nikarudi chumbani kuchukua begi, nikafika kwake nimelowa jasho. Alifungua mlango akanitazama na zile nguo nyeusi, akaniuliza nimetumwa na duka gani. Nikamwambia sijatumwa na duka, nimekuja mwenyewe. Nilipolisema hilo moyo ulinienda mbio sana, mpaka yule mama akanikalisha na kunipa maji kabla sijafungua begi.

Mwanao,
Kidoti