Dakika Kumi za Nyevu

Gongoni,
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa kaka Mwaringa,

Anayekuandikia ni mimi Masha, bodaboda bora kuliko wote kati ya Mombasa na Lamu. Pikipiki ya mwenzangu ikizima njiani, nikikohoa tu inawaka. Wasichana wa hapa wamekubaliana wanigawane kwa siku, ila bado wanagombania Jumamosi.

Natumai huko Doha mwili u salama na bado unasimama langoni kwa hao matajiri ukijifanya mkali. Mimi ni mzima. Mama ni mzima, anataka ule vizuri. Mbuzi wako amezaa. Mwanawe nimempa jina lako, kwa ajili ya kile kichwa.

Kwa simu ningeishia kukuchekesha, ndiyo maana naandika. Rafiki yako Kambi anarudi huko Jumanne, atakuletea barua hii.

Habari ni za dada yetu Nyevu. Ile homa ya mvua za mwaka jana iliisha, lakini tangu hapo akiinuka tu moyo unamwenda mbio kama anayefukuzwa na mbwa, macho yanaingia giza, mikono inatetemeka. Akilala, anatulia. Kule kiwandani wanapakia chumvi mifukoni wakiwa wamesimama, na ameanguka mara sijui ngapi. Nyapara anasema, "Huyu uvivu wake hupanda akisimama." Nilitaka kumng'oa meno, Nyevu akanizuia.

Amepimwa malaria, taifodi, damu, tezi ya shingo, na mimba mara nyingi hadi akamwuliza muuguzi, "Dada, kwani huyu mtoto anajificha wapi?" Hamna kitu. Kila mahali wanampima akiwa ameketi au amelala, na hapo moyo wake ni mtulivu kuliko wangu. Majirani wakaanza kunong'ona habari za pepo. Mama, usimwambie nimekwambia, ameshatoa kuku.

Ndipo tukasikia kuna daktari anayekuja Malindi kila baada ya miezi mitatu, Daktari Tasneem. Huyo ndiye wa kwanza kuuliza, "Na ukisimama kuchana nywele je, mwanangu? Ukioga maji ya moto?" Nyevu akalia kabla hajajibu.

Akatueleza kuna ugonjwa ambao mtu akisimama damu hubaki chini miguuni, na moyo hukimbia kuitafuta. Jina lake refu, wenyewe wanalikata wanaita POTS. Alisema ukithibitika, atamwandikia Nyevu karatasi apewe kazi ya kushona mifuko akiwa ameketi. Bila hiyo karatasi, nyapara anamtoa mwisho wa mwezi huu. Na dawa ya kuanzia ni maji mengi, soksi za kubana, na chumvi. Chumvi, kaka! Sisi ambao milima yake iko mlangoni! Lakini akasema tusimpe kwa kubahatisha, apimwe kwanza.

Kipimo chenyewe hakina makuu. Alale kimya, mashine ihesabu mapigo. Kisha asimame dakika kumi bila kuegemea wala kushikwa, waone kama mapigo yatapanda na kubaki juu, na presha isishuke.

"Akianguka nipo mimi," daktari akaniambia. "Wewe kijana kazi yako ni kukaa kitako."

"Daktari, hiyo ndiyo fani yangu. Mimi ni bodaboda."

Hata Nyevu alicheka.

Kipimo hakikukamilika. Daktari ameandika hivyo hivyo. Nyevu hakuweza kusimama tena siku ile, na foleni ilikuwa imefika nje. Daktari atarudi Septemba. Yule wa zahanati yetu anasema hatii sahihi ugonjwa asioujua. Mama ananiuliza tufanyeje, nami nawasha pikipiki naondoka.

Mchumba wako Viola anakusalimu. Nimejitolea kushika nafasi yako, amekataa. Shangazi Janet anasema usiache kusali. Mungu akufunike huko uliko, akurudishe ukiwa na meno yako yote.

Kaka, hapa nyumbani nimewaambia mashine iliharibika. Haikuharibika. Namba zilikuwa zinapanda vizuri na daktari anasema, "Bado kidogo, mwanangu, bado kidogo." Midomo ya Nyevu ilikuwa imekauka, miguu imekuwa rangi ya zambarau, anayumba. Akaniona naondoka kitini. Akanitikisia kichwa nisije. Alizitaka zile dakika zake. Na mimi nikaenda nikamshika.

Mdogo wako akupendaye,
Masha