Ndotoni Hukusema Kitu

Kavira, mwanangu,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba marehemu akionekana ndotoni amekuja kutoa amri. Wanaamka, hata uso hawajanawa, wanaanza kuulizana: alishika nini, alielekea upande gani, alimtazama nani. Mimi nadhani marehemu huja kwa sababu tu njia anaijua. Nitakueleza polepole. Unanijua, siwezi kusimulia jambo bila kuuzunguka mlima wake wote.

Tangu tukuzike, ukungu wa asubuhi hapa Butembo umekuwa mzito kuliko zamani. Labda ni macho yangu. Naamka, naufungua mlango wa chumba chako ili kipate hewa, kisha nasimama pale kizingitini. Mji wote unakuwa umezama. Pikipiki zinasikika lakini hazionekani, kengele ya parokia inalia kana kwamba inalia chini ya maji, na harufu ya mikaratusi inaingia na baridi yake. Kwa muda mfupi siwezi kujua kama umekufa. Naona ni kama uko humo humo ndani ya ukungu, unapanda kilima kwenda chuoni, umechelewa kama kawaida yako, viatu mkononi kwa sababu ya matope.

Kisha jua linatoka, na najua.

Ulipoandikishwa kusoma usimamizi wa biashara na uongozi, nilikucheka. Nilikuuliza tangu lini Munande, mtu wa kabila lililozaliwa sokoni kama letu, akaenda chuo kikuu kufundishwa biashara. Ulikuwa unamenya ndizi, hukuinua hata kichwa. Ukaniambia: "Papa, kuuza tunajua. Kukaa pamoja njo hatujui." Nimefundisha historia miaka mingi, Kavira, na sijasikia mwanafunzi akiifupisha historia ya nchi yetu namna hiyo.

Sasa nikueleze kilichotokea kwa wenzako.

Unakumbuka profesa wenu alitaka kila kikundi kianzishe kazi ya kweli, si ya karatasi, na kila kikundi kiwe na chef mmoja, kiongozi wa kumjibu. Ninyi wanne mlichagua kakao: akina mama wakulima wa Mabalako waache kuiuza mbichi kwa kila mpita njia, wawe wanaileta Mavivi, kule chini karibu na uwanja wa ndege wa Beni, muikaushe pamoja na kuiuza pamoja. Chef ulikuwa wewe. Ulipoondoka, profesa alingoja matanga yaishe. Halafu akawaambia Paluku, Kanyere na Muhindo: Jumatatu mniletee jina la chef mpya, la sivyo kikundi kinavunjwa na kila mmoja ataingizwa katika kikundi kingine. Kazi ya Mavivi ingeishia hapo. Akina mama wangerudi kuuza kando ya barabara, na kile ulichokianzisha kingesahaulika kabla majani hayajaota vizuri kwenye kaburi lako.

Basi wakaja kwangu, Jumamosi, wote watatu. Nikadhani wamekuja kunipa pole tena. Kumbe walikuja kama watu wanaokuja kugawa urithi.

Paluku ndiye aliyeanza. Ni mzaliwa wa kwanza, jina lenyewe linatangaza, na sauti yake inajaza sebule. Akasema amekuota. Mvua ilikuwa inanyesha pale rond-point, kwenye mzunguko wa barabara, ukampa mwavuli wako. "Papa, alinipatia parapluie yake. Njo kusema kazi aliniachia mimi."

Kanyere, yule msichana wa Beni ambaye wakati wa kilio alichota maji bila kusema neno, alitazama mikono yake. Akasema kwa sauti ndogo kwamba naye amekuota. Ulivua buti zako za mpira ukamwambia: vaa.

"Buti yenyewe ilikuwa kipimo chako?" Paluku akamuuliza.

"Ilikuwa kubwa. Lakini nilivaa."

Wakamgeukia Muhindo. Akajikuna kichwa. "Mimi naye nilimuota," akasema. "Aliniomba tu mega za internet."

Nilicheka, Kavira. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile, na nilipomaliza kucheka nililazimika kwenda nyuma ya nyumba kidogo.

Niliporudi, Paluku alikuwa amesimama. "Papa, ni wewe utakata shauri. Wewe ni baba yake. Kama alikuambia jina, utuambie, tutafuata."

Nikafanya ninachojua kufanya: nikaeleza. Niliwaeleza tofauti ya mrithi na kiongozi. Niliwaeleza kwamba mrithi anapewa kitu kilichobaki, lakini kiongozi anapewa watu, na watu hawabaki; kila asubuhi lazima wakubali upya. Nilitoka kwa machifu wa kale nikafika kwa wakurugenzi wa siku hizi. Chai ikapoa. Muhindo akasinzia. Nilipomaliza, Paluku akasema kwa heshima sana: "Aksanti, Papa. Donc, ni nani?"

Hapo nikaelewa nilichokuwa nimeshika. Ningesema tu "alikuja, akamtaja Paluku", wangeinama na kuondoka, na kikundi kingekuwa salama mbele ya profesa. Neno moja. Nililitazama neno hilo kwa muda mrefu. Lakini lingekuwa neno langu lililovaa nguo yako, na siku ambayo Paluku angekosea, wangekulaumu wewe.

Basi nikawaambia ndoto yangu ya kweli. Niliwaambia wewe huja, lakini husemi kitu. Uko Mavivi, umenipa mgongo, unatembea miguu mitupu juu ya kakao iliyoanikwa, unaigeuza kwa vidole kama ulivyonionyesha siku ile niliposhuka nawe. Unakwenda, unarudi. Ndege inapita chini sana, haina sauti. Upande wa milima kuna wingu jeusi, na wewe unaendelea kugeuza, polepole, kana kwamba wingu hilo ni la watu wengine.

 Kisha Kanyere akaniuliza: "Papa, kakao ilikuwa na rangi gani?"

Nikafikiri. Haikuwa kahawia. Ilikuwa bado na weupe, na urujuani kidogo pembeni.

"Basi ilikuwa haiyakauka," akasema. Akawageukia wenzake. "Leo nani iko Mavivi?"

Muhindo akaamka kabisa. "Nilizani ni Paluku."

"Mimi nilizani ni wewe."

Hakuna aliyekuwa Mavivi. Mavuno ya akina mama yalikuwa yameanikwa chini ya mbingu ya Beni, na wao watatu wako sebuleni kwangu Butembo wanagombania mwavuli wa ndotoni.

Watu watasema ulikuja kuwaonya. Hapana. Mimi huota ukigeuza kakao kwa sababu nilikuona ukiigeuza, na sijaona kitu kizuri zaidi tangu hapo. Kilichowaamsha ni swali la Kanyere.

Ungewaona. Kanyere alikuwa tayari kwenye simu na mama mmoja jirani wa uwanja wa kuanikia, akimwomba afunike anachoweza. Paluku alitoka nje, na ile sauti iliyokuwa inanichosha ikasimamisha gari dogo kutoka ng'ambo ya barabara. Muhindo alikimbia kununua maturubai. Hakuna aliyeuliza nani mkubwa. Nami nikapanda mbele, karibu na dereva, koti la baridi bado mwilini. Barabara ilivyozidi kushuka, hewa ilizidi kuwa laini na yenye joto, na nikalivua koti kama mtu anayeamka ndani ya ndoto ya mwingine.

Mvua ilitutangulia. Nusu ya kakao ilikuwa imefunikwa, nusu ililowa. Harufu ya siki ilikuwa imejaa hewani. Walivua viatu, wakatenga iliyolowa, wakaitandaza upya jua liliporudi, na mimi nikapewa kiti na kazi ya kufukuza kuku. Jioni Paluku akaketi chini, miguu imechafuka mpaka magotini, akasema: "Chef atakuwa ule mwenye kulala hapa na kakao. Wiki yake ikiisha, anatoka, mwengine anaingia." Akaanza yeye, maana ndiye aliyekuwa na blanketi.

Jumatatu profesa alikataa. Alitaka jina moja. Kanyere ndiye aliyemjibu, tena mbele ya darasa: jina analo, ila kila Jumatatu litabadilika, na atakayetaka kumjua chef aende Mavivi amwamshe. Darasa likacheka. Profesa akasema sawa, lakini siku ya kutetea kazi atawauliza yote, na mwenye chuki na mwenzake ataonekana. Kikundi kimebaki. Akina mama wa Mabalako wameleta magunia mengine.

Nakuaga hapa, mwanangu. Nakuahidi kwamba siku watakapotetea kazi yao nitakwenda, nitakaa nyuma kabisa, na wakiniuliza kitu sitaeleza. Itakuwa vigumu, lakini nitajaribu.

Kakao yako imepata miguu ya kuigeuza. Mama yako alitutangulia ulipokuwa bado unanyonya kidole. Hamkupata muda wa kuzungumza. Leo usifanye kazi. Kaa naye.

Papa yako