Baba, Seva ya Nyuma ya Kochi Imenyamaza

Mpendwa Baba,

Wakulima wananiuliza sauti yako imeenda wapi. Wananiuliza kwa simu, wananiuliza sokoni Gakoromone nikichagua nyanya, na Jumapili mmoja alinisimamisha nje ya kanisa kabla sijamsalimu pasta. Wanajua uliaga, maana ni wao waliokuzika. Lakini walikuwa wamezoea kufungua tovuti ya kikundi, kubonyeza jina la mbegu, na kukusikia ukiwaeleza kwa Kimeru ipandwe lini na iwekwe mbolea gani. Sasa wanabonyeza na hakuna kitu. Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja, kwa hivyo nakuandikia wewe, na barua hii naiweka wazi kwenye tovuti hiyohiyo. Kama kuna mtu wa kulaumiwa, wamjue leo.

Unakumbuka tulivyobishana kuhusu seva, ile mashine inayobeba tovuti? Kikundi cha mbegu za viazi kilikuwa kimeniomba niwatengenezee tovuti ya kuagizia mbegu, nami nikatoka Embu na laptopu yangu na maneno mengi. Tulikaa jikoni kwetu Kibirichia, Mama akimenya viazi, nikavitumia hivyo viazi kukuonyesha. Nikakwambia njia ni mbili. Ya kwanza ni kuwa na mashine nzima ya kwetu peke yetu, hakuna mwingine anayeigusa, na ikifa tumekufa nayo. Ya pili ni kukodi nafasi kwenye mitambo ya kampuni kubwa, ile watu wanaita cloud, ambapo vitu vyetu vinakaa kwenye mashine nyingi kwa pamoja. Moja ikizima, nyingine inapokea kazi. Nikakueleza kwamba mwaka mzima tovuti yetu ingekuwa kama lori lisilo na mzigo, halafu kwa siku mbili tatu za msimu ingebebeshwa wakulima wa Buuri nzima, na kule wangetuongezea nafasi siku hizo kisha waipunguze.

Ulinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yako. Kisha ukauliza swali moja.

"Na ufunguo unakaa na nani?"

Nilijua tumefika wapi. Nilikuwa darasa la tatu siku uliyonipeleka mjini Meru kuona ghala. Kikundi kilikuwa kimekodi ghala la mtu, mkaweka viazi vya msimu mzima mkingoja bei ipande. Jengo likauzwa, mwenyewe mpya akabadilisha kufuli, na mkazungushwa wiki baada ya wiki kutoka ofisi moja hadi nyingine. Walipofungua, harufu ilitutoa machozi sote. Ulinivua sweta ukanifunga puani, ukaingia na wenzako kutoa uozo kwa mikono. Maji meusi yalikuwa yakikutiririka hadi kwenye viwiko. Mama alizichoma nguo zako siku hiyo.

Kwa hivyo jikoni nilikubembeleza kwa njia ya katikati. Nikasema tunaweza kukodi mashine nzima ya peke yetu, lakini ikae Nairobi kwenye jengo lenye walinzi na jenereta. Ukacheka. Ukasema hilo ni ghala lilelile, limepakwa rangi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, ukamalizia, na ukiisha kutoa methali hapakuwa na rufaa katika nyumba yako. Mimi nilikuwa na ulimi mkali, nikakujibu kwamba hii si biashara ya viazi, na kwamba hujui unachosema. Mama aliacha kumenya. Ulitoka nje kwenda kutazama ng'ombe ambao walikuwa hawana shida yoyote.

Mashine ilikuja kwa lori la Salim, ikiwa imekaa juu ya magunia matupu. Mlikuwa mmeipata kwa ofisi moja iliyokuwa ikifungwa. Salim, ambaye amekubebea viazi tangu nikiwa mtoto, aliishusha polepole akisema "Bismillahi" kama anashusha mgonjwa, akauliza hiki kitu kinakula nini. Mkaiweka sebuleni nyuma ya kochi, mahali pekee palipokuwa na sakafu ya mbao na waya wa intaneti uliotoka kwenye antena ya juu ya paa. Kabla sijaiwasha, Mama alikuwa ameshaifunika kwa kitambaa chake cha kushona, kile chenye maua ya waridi, kwa sababu katika nyumba yake hakuna chombo kinachokaa uchi mbele ya wageni. Nilikitoa. Nilipokuja mwezi uliofuata nilikikuta kimerudi.

Nilikupa sharti moja tu, kwamba kila wiki nakala ya kila kitu itolewe ikae kwingine. Ulikubali bila kubishana. Ulisema, "Hilo nakuachia wewe, Kendi. Wewe ndiye umesoma."

Hapo ndipo panaponiuma, Baba, na nitapaeleza bila kupaka mafuta. Miezi ya kwanza nilizitoa hizo nakala. Kisha nikaacha. Nikajiambia ni kazi nyingi Embu, lakini nilikuwa na muda wa kutosha. Ukweli ni kwamba nilitaka siku moja mashine yako ikuaibishe mbele ya kikundi, ili uje uniambie nilikuwa sahihi. Niliingoja siku hiyo. Na kila nilipokupigia simu kuuliza hali ya seva, ulinijibu kwa fahari kwamba inanguruma vizuri, na mimi nilijisikia vibaya kidogo.

Tena ilinguruma vizuri kuliko nilivyotarajia. Ukaanza kurekodi zile sauti zako kwa ajili ya wazee wasiosoma. Ulikuwa unakaa kwenye kochi na simu mdomoni, ukifoka kama uko kwenye mkutano wa chifu, mbegu moja baada ya nyingine. Mwezi wa saba baridi ilipokuja, Mama akagundua kwamba nyuma ya kochi kuna joto. Akaleta boksi la vifaranga akaliweka pale, ubavuni mwa mashine. Nilipowakuta nilicheka hadi nikakaa chini. Wewe ulisema waache wapate joto, mashine inalimwaga bure. Na mimi niliyesoma, badala ya kuwaondoa, niliwapiga picha nikaituma kwa wenzangu wa ofisini.

Ulipoaga nilitaka kuhamisha tovuti mara moja. Mama alikataa. Aliniuliza tu nyumba ikinyamaza yeye atalala vipi. Nikaiacha ingurume. Nakala bado sikutoa, na safari hii sina hata ubishi wa kusingizia. Nilikuwa siwezi kufungua lile folda la sauti zako.

Basi Jumatatu ya wiki ya mbegu, saa tatu asubuhi, Mama akanipigia nikiwa kazini. Akasema, "Kitu cha baba yako kimenyamaza." Nilikuwa njiani nimefika Chuka kabla sijakumbuka kwamba sikumuaga mtu ofisini.

Unajua wiki hiyo ilivyo. Wakulima walikuwa wameagiza kwa miezi, majina yao, picha za fomu walizotia sahihi, magunia mangapi ya mbegu gani. Wazalishaji wa mbegu walitaka orodha kamili kufikia Jumatano adhuhuri, na isipofika, mbegu zinauzwa kwa wengine. Mvua haingojei mtu aandike upya. Na orodha yote ilikuwa mahali pamoja tu duniani, nyuma ya kochi.

Nilipofungua ubavu wa mashine nilikuta manyoya. Manyoya laini ya manjano ya vifaranga, vizazi vitatu, yamechanganyika na vumbi la chakula chao na kushikana juu ya feni kama blanketi. Feni ilikuwa haizunguki tena. Niliyatoa kwa brashi ya rangi. Mama alisimama juu yangu na hakuuliza ni nini, kwa sababu aliyaona.

Ikawaka. Baada ya dakika chache ikazima kwa joto. Nikaiwasha tena, na sasa nikasikia diski ikitoa mlio kama mtu anayetafuna mchanga. Mlio huo naujua. Diski ikifika hapo, una saa chache au una dakika, na hakuna fundi wa kukuambia ni kipi. Nilichomeka waya kwenye laptopu yangu ili ninakili kinachonakilika, na mbele yangu kulikuwa na mafolda mawili. Moja lilikuwa la maagizo. Jingine uliliandika mwenyewe kwa herufi kubwa, SAUTI.

Salim akapiga simu wakati huohuo, nikaweka spika.

"Kendi, mimi niko na lori mbili hapa, dereva wamekaa ready," akasema. "Bila hiyo list nitapelekea nani mbegu? Nitaimwaga kwa barabara?"

Nikamwambia anipe muda, nikakata. Kidole kilikuwa juu ya folda la SAUTI, Baba. Sikukosea, nilikipeleka hapo mwenyewe. Niliwaza kwamba wakulima watapata mbegu msimu mwingine, lakini wewe hurudi. Mama hajui kusoma kompyuta, lakini uso wangu anausoma tangu nizaliwe. Akauliza hilo ni la nini na lile ni la nini, nikamwambia ukweli. Nikamwambia pia kwamba huenda tukapata moja tu.

Akaenda jikoni, akarudi na ungo, akapiga magoti kwenye sakafu na kuanza kuipepea mashine kama anavyopepeta maharagwe.

"Anza na ya watu," akasema.

Alipepea tangu saa saba. Mara nne ilizima, mara nne nikaiwasha, na kila mara mlio ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza. Fomu moja ilikuwa ikipita kwa sekunde, nyingine ikikwama hadi nikafikiri ndiyo mwisho. Niliyaona majina yakipita, watu waliokula arusi yenu, watu waliobeba jeneza lako. Nilimwambia Mama apumzike nimpokee, akasema niangalie kazi yangu. Saa kumi kasorobo fomu ya mwisho ikaingia. Nikahamia kwako bila hata kuvuta pumzi.

Ya kwanza ilipita, ile ya mbegu ya Shangi. Ya pili ikafika nusu. Diski ikalia mara moja, kwa sauti ya juu, na taa zote zikazimika. Nilijaribu kuiwasha hadi kidole kikauma. Mama aliendelea kupepea. Ilibidi nimshike mkono.

Fundi wangu wa Embu aliifungua diski baadaye akasema imekwaruzika ndani, hakuna kitu cha kuokoa. Orodha niliipandisha kwenye cloud siku hiyohiyo kabla jua halijatua, pamoja na tovuti yenyewe niliyoijenga kwenye laptopu. Jumatano ikakubaliwa, Alhamisi malori ya Salim yakapanda Kibirichia, na watu wote walipoingia kwenye tovuti kwa pamoja kuangalia zamu zao za kuchukua mbegu, haikuyumba hata kidogo. Ubishi wetu nimeushinda, Baba, na sina wa kumwambia. Nilidhani ningefurahi. Ninajisikia kama aliyebaki peke yake uwanjani akishangilia bao.

Kwa hivyo ninyi mnaouliza, jibu ndilo hilo. Si vifaranga na si mzee. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa ulikuwa wangu. Kama kuna aliyewahi kuhifadhi sauti ya Baba kwenye simu yake, hata kipande, anitumie tafadhali.

Na wewe, Baba, uliniuliza ufunguo unakaa na nani. Swali lako lilikuwa zuri kuliko majibu yangu yote, ila hukupaswa kulijibu kwa mashine moja, wala mimi kwa kisirani. Ufunguo, yaani nywila ya kule cloud, unakaa na watatu: katibu wa kikundi, mimi, na Mama, ambaye ameuandikiwa kwenye karatasi iliyo ndani ya Biblia yake. Kila Ijumaa nafika nyumbani na nakala kwenye flashi. Mama huifunga katika kile kitambaa cha maua ya waridi na kuiweka kwenye kopo la mbegu za kunde. Vifaranga wamehamia jikoni.

Ile ya Shangi nimeirudisha kwenye tovuti. Unaeleza upana wa mitaro, unagombeza watu wanaopanda viazi vilivyochipua vibaya, na karibu na mwisho Mama anasikika kwa mbali akikuita chai. Unaacha kufoka. Unamjibu, "Nakuja, ngoja nimalizane na watu."

Mama nimemfundisha mahali pa kubonyeza. Anaibonyeza kila asubuhi akisha kuchemsha maziwa, anasikiliza hadi hapo, na kila siku anakujibu kwamba chai inapoa.

Pumzika, Baba. Mbegu zimeota.

Ni mimi binti yako, niliyeachiwa nakala,
Kendi