Ini la Wilfried Limejaa Tena

Kataki, Kalemie
Tarehe 8 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Gisèle,

Basi nakujibu lile swali uliloniachia kabla simu haijakatika: ndiyo, limerudi! Ini la mume wangu limejaa tena.

Nisamehe, furaha imenifanya niruke salamu. Hujambo, mama yangu wa pili? Goti linakuruhusu kwenda shambani? Joto la Kabalo likoje? Sisi tuko wazima, kwa neema ya Mungu.

Mume wangu! Ni wiki ya saba tangu harusi, na bado naandika neno hili polepole ili nilifaidi.

Shangazi, sikukasirika ulipokataa kuja harusini. Wewe ndiye uliyenilea, na kwetu shangazi asipokula ini la mbuzi wa upande wa bwana, ndoa haijatimia. Ulimwambia baba yangu kwenye simu, wakwe wote wakisikia: "Nipokee ini la mbuzi kwa mwanaume aliyekwisha kugawa lake? Mutoto wangu aolewe na nusu muntu?" Wao walicheka, mimi nililia. Lakini nilijua unaogopa nisije nikawa mjane kabla sijazaa.

Ni kweli, mwaka jana huko Uhindi walikata zaidi ya nusu ya ini lake wakampa dada yake Reine, aliyekuwa anakufa. Baada ya miezi mitatu madaktari wa huko waliandika kwamba limekaribia ukubwa wake wa zamani. Ukasema karatasi za mbali huziamini.

Haya, Alhamisi tulikwenda kwa Daktari Théophile, huyo huyo wa goti lako. Alimpaka Wilfried mafuta tumboni, akapitisha chombo cha ekografi, kile kinachoonyesha ndani ya mwili, akanigeuzia kioo nione. Kumbe kilichokatwa hakioti upya kama mkia wa mjusi. Kile kilichobaki ndicho kinachokua, mpaka mwili utosheke, kisha kinaacha chenyewe. Na kipande cha Reine kimekua vilevile ndani yake!

"Mama, huyu ni muntu muzima," daktari akasema. "Kovu tu njo linamusema kama walimukata."

Nilimkumbatia Wilfried na mafuta yake yote, kitenge changu kikaharibika. Daktari akatufukuza: "Mwende mukafanyie nyumbani!"

Namshukuru Mungu kila asubuhi kwa mwanaume huyu. Jana Reine alituletea mikebuka, samaki wa ziwani, aliyoikaanga mwenyewe, akacheka hadi akashika mbavu. Nilimtazama nikawaza: aliyempenda dada yake hivi, mimi atanipendaje? Nakushukuru na wewe, kwa hasira yako. Ni ya mama.

Nisalimie mumeo Papa André na mwanao Jeancy. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Na usipike kitu. Mbuzi mwingine tumeshamfunga nyuma ya nyumba. Kabla mwezi huu haujaisha tutashuka kituoni Kabalo, mimi, Wilfried na mbuzi wetu, na treni ikikataa tutapanda lori. Wilfried atachinja. Ini utalikata wewe.

Mwanao akupendaye, aliye njiani,
Précieuse