Kamera ya Kusomea Barua

Jumatatu, 4 Oktoba 1999
Kamera imeganda tena. Mara ya tatu tangu asubuhi. Nimechomoa waya, nikachomeka, ikaamka. Likizo ndiyo kwanza imeanza na nimeshachoka.

Macho ya Baba yanafifia. Presha ya macho, kasema daktari, na haitarudi nyuma. Kamera inayakuza maandishi kwenye kioo cha kompyuta hadi kila herufi inakuwa kubwa kama kiganja, naye bado anaweza kuzifuata. Anataka kitu kimoja tu: kuzisoma barua za marehemu Mama kabla hajapofuka kabisa. Ziko kwa herufi za Kiarabu. Mimi nazisoma bila shida, chuo cha Kurani nilifunzwa. Lakini barua za mke kwa mumewe hazisomwi na mtoto. Yeye hataki, na mimi pia sitaki.

Jumanne, 5 Oktoba
Kosa liko kwenye draiva, ile programu inayozungumza na tundu la USB. Kamera ikiganda, draiva inatakiwa kuizima na kuiwasha upya yenyewe, bila mtu kugusa kitu. Sehemu hiyo nimeiandika upya. Nimeijaribu kutwa nzima. Inafanya kazi! Nimefurahi kama mjinga.

Alhamisi, 7 Oktoba
Nimemwekea Baba barua ya kwanza nikatoka, nimwachie faragha yake. Nikafua. Nikakuna nazi. Nimerudi baada ya saa nzima. Picha imeganda kwenye mstari wa pili, naye amekaa tu mbele yake, mikono mapajani. Hakuniita.

"Sikutaka kukusumbua, mwanangu."

Nimeingia jikoni nikalia.

Jumamosi, 9 Oktoba
Nikiwepo, inafanya kazi. Nikitoka, inaganda. Nimepitia draiva mstari kwa mstari. Sioni kosa. Najichukia. Leo Baba alisogeza uso hadi pua ikagusa kioo.

Jumatatu, 11 Oktoba
Hakuna kitu.

Jumatano, 13 Oktoba
Ni mkono wangu.

Ofisini kwetu Changamwe chochote kikigoma tunachomoa na kuchomeka. Printa, simu, hata feni. Mkono umezoea, haungoji akili. Kila nilipojaribu, kamera ikiganda tu nilikuwa nimeshavuta waya, draiva haijapata nafasi ya kufanya lolote. Kompyuta ikaiona kama kamera mpya, ikaipa namba mpya, nami nikajipongeza. Ikiwashwa upya bila kuchomolewa, kamera inasahau namba iliyopewa, na draiva inaendelea kuiita kwa namba ya zamani. Haiwezi kuitika. Na nikitoka chumbani, hakuna wa kuvuta waya.

Siku nane zimepotea. Baba hana siku za kupoteza.

Ijumaa, 15 Oktoba
Imepona. Draiva sasa inangoja kamera iamke, inaipa namba tena, inairudishia mipangilio yake. Nimekalia mikono yangu nikitazama. Imeganda mara nne, imeamka yenyewe mara nne.

Baba aliporudi msikitini, ameshikwa mkono na jirani, nimemketisha nikaweka barua. Amesogea. Amesogea tena.

"Naona mwangaza tu."

Kisha akanishukuru kwa kazi yote niliyofanya. Wallahi, afadhali angenitukana.

Jumapili, 17 Oktoba
Baba ameniomba nimsomee. Ameomba mwenyewe, uso ameugeuzia ukutani. Nimekaa mkekani nikaanza. Kila tulipokaribia maneno yao wawili aliinua kidole.

"Ruka hapo."

Akanitajia neno la kuanzia tena, nami nikalitafuta chini zaidi, nikalikuta. Hakukosea hata mara moja. Barua zote kumi na moja.

Kumbe amezihifadhi zote kichwani. Alichotaka ni kuuona mwandiko wa Mama.

Kamera sijaizima. Haijagoma tangu Ijumaa.